Nani Yumo Ndani ya Tone?

Huyu ni Tumpe. Ana miaka saba na pengo moja. Anaishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi.

Nyuma ya nyumba yao kuna bwawa. Ndani ya bwawa kuna vifaranga wa samaki, wadogo kama punje za mchele. Tumpe anawapenda kweli kweli!

Asubuhi moja, Baba akaja na jembe.

"Maji gani haya? Kijani kibichi! Leo nayamwaga yote, niweke maji safi ya mtoni."

"Usiyamwage, Baba! Samaki wangu wanakula humo. Midomo yao inafanya hivi: bup, bup, bup!"

"Wanakula nini? Mbona mimi sioni kitu?"

"Kipo. Nitakuonyesha."

Baba akacheka. "Haya, mama. Nakunywa chai kwanza. Chai ikiisha, namwaga."

Mbio, mbio, mbio! Tumpe akachota maji kwa kikombe. Akakimbilia barazani kwa Shangazi Ikupa.

Shangazi Ikupa ni mwalimu. Likizo hii amekuja na hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo, vidogo sana.

Akadondosha tone moja juu ya kioo. Ti! Akazungusha kigurudumu cha pembeni. Kri, kri, kri.

"Sasa sikiliza," akasema Shangazi.
"Tulia. Tazama. Kisha taja."

Wapi! Tumpe hakutulia. Aliinama haraka, jicho likagusa hadubini.

"Shangazi! Jitu! Jeusi! Lina miguu mingi!"

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hizo ni kope zako, Tumpe. Sogea nyuma kidogo."

Tumpe akaona aibu. Kidogo tu. Chai ya Baba ilikuwa inapungua!

Tulia. Tazama. Kisha taja.

Akaona duara lenye ukingo mweusi. Akangoja. Halikuogelea. Halikugeuka.

"Huyu si mnyama," akasema Tumpe. "Ni kiputo cha hewa. Hakitembei chenyewe."

"Safi kabisa!" akasema Shangazi.

Tulia. Tazama. Kisha taja.

Kitu chembamba kikapita, kinajizungusha, kinajizungusha.

"Kandambili inaogelea!" akasema Tumpe.

Shangazi akafungua kitabu chake cha picha. Wakalinganisha. Naam, yumo! Ni kijidudu chenye umbo la kandambili kweli.

"Tumpe!" Baba akaita kutoka jikoni. "Imebaki funda moja!"

Tulia. Tazama. Kisha taja.

Ruka! Ruka! Ruka! Akaja mnyama wa mviringo. Mwili wake unaonekana mpaka ndani. Moyo wake unadunda: du-du-du-du!

Wakafunua kitabu tena.

"Kiroboto maji!" akasema Tumpe.

Lakini Tumpe hakuinuka. Alitazama tena.

"Shangazi! Tumbo lake ni la kijani! Amekula bwawa letu!"

"Ehee," akasema Shangazi. "Na yeye analiwa na nani?"

"Na samaki wangu! Tukimwaga maji, tumemwaga chakula chao. Baba! Njoo uone!"

Baba akaja, jembe begani. Akainama haraka.

"Mungu wangu! Jitu! Jeusi! Lina miguu mingi!"

Tumpe akashika kiuno.

"Hizo ni kope zako, Baba. Tulia. Tazama. Kisha taja."

Baba akatulia. Akatazama. Akatazama sana.

"Moyo unadunda," akanong'ona. "Na tumbo ni la kijani."

"Ni kiroboto maji, Baba. Ndiye chakula cha samaki wangu."

Baba akaliegemeza jembe ukutani.

"Simwagi hata tone," akasema. "Umenishinda, Tumpe."

Tumpe akarukaruka kwa furaha. Ruka! Ruka! Ruka!

Jioni, Mama akapakua wali na mchuzi. Baba akachungulia sahani yake. Kitu cha kijani! Cha mviringo!

"Tumpe, huyu naye ni nani?"

"Tulia, Baba. Tazama. Kisha taja."

Baba akatulia. Akatazama.

"Njegere!" akasema.

Wote wakacheka mpaka wakachoka. Tumpe akala, akanawa miguu, akapanda kitandani na kujifunika blanketi.

Na kule bwawani, ndani ya maji ya kijani, vifaranga wa Tumpe walikuwa bado wanakula.

Bup, bup, bup.