Aliyepanda Bila Kukanyaga

Tulisimama kununua betri.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, siku ya tatu ya mapumziko marefu, kwa kuwa sikukuu iliangukia Ijumaa. Taa ya nyuma ya Shemeji ilikuwa imekufa, na kikundi chetu hakiruhusu mtu wa mwisho aende bila taa. Mbele yetu ulibaki mlima mmoja wa kilometa sita, kisha mteremko hadi mjini, kisha nyumbani.

Tulikuwa wanne. Nawataja kwa mpangilio wa barabarani. Mbele alikuwa Fundi, mwenye karakana ya baiskeli, aliyeunda magurudumu yetu sote kwa mikono yake. Wa pili Nesi, mama wa makamo anayefanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa moyo. Wa tatu mimi, wanayeniita Karani kwa sababu nilikaa miaka thelathini na minne katika ofisi ya ramani. Wa nne, tunayemwita mkia, alikuwa Shemeji. Neno hilo nalitumia kwa maana yake kamili: ni mume wa mdogo wangu wa kike, wala si rafiki ninayemwita hivyo kwa mazoea.

Asubuhi ya Ijumaa mdogo wangu alinivuta kando mlangoni kwake.

"Kaka, moyo wake si wa kuaminiwa, na hasikii la mtu. Wewe anakuheshimu. Nirudishie mume wangu."

"Nitamrudisha," nilisema.

Sina tabia ya kuahidi ovyo. Ndiyo maana nayaandika haya.

Pale dukani Shemeji aliegemea nguzo, kofia yake ngumu mkononi, midomo imepauka. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya tairi la Nesi.

"Pancha mbili kwa siku moja," Fundi alimtania. "Unapita juu ya misumari makusudi?"

"Nikipata ya tatu naolewa na wewe kabisa, nizibiwe bure."

"Mke wangu yupo nyumbani. Mtamalizana wenyewe."

Shemeji alicheka. Lakini alipocheka aliweka mkono kifuani, akautoa haraka, akatazama kama kuna aliyemwona. Nilimwona.

"Tutafute gari," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Baiskeli tutazifuata kesho."

"Shemeji! Unipandishe gari leo, mdogo wako anisimange mpaka mwakani? Mlima wenyewe huu tu. Wewe mzee mzima unaupanda, mimi unanishushia heshima?"

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilimfungia betri, taa ikawaka nyekundu, tukaondoka.

Mlima ule una msitu pande zote mbili, na giza lake hutangulia giza la kwingine. Baada ya kilometa moja sikuona zaidi ya mgongo wa Nesi na duara dogo la mwanga mbele ya gurudumu langu. Kila baada ya muda Fundi aliita kutoka mbele, kama kawaida yetu:

"Mkia!"

Na nyuma yangu Shemeji akajibu, akihema:

"Nipo!"

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wasioendesha. Gurudumu la nyuma la baiskeli lina kidude kinachoitwa friwili. Ukikanyaga pedali, friwili hunyamaza. Ukiacha kukanyaga, hulia: tik-tik-tik-tik. Kwa hiyo mteremkoni husikika, lakini mlimani haisikiki. Mlimani ukiacha kukanyaga, unasimama. Ukisimama, unaanguka.

Katika kilometa ya tatu, nyuma yangu, nilisikia friwili.

Tik... tik... tik...

Nikadhani Shemeji amesimama. Lakini sauti haikubaki nyuma. Ilikuja nasi, polepole, mwendo uleule wetu, hatua tano au sita kutoka gurudumu langu.

Tik... tik... tik...

Ikaja na harufu. Magunia mabichi. Grisi kuukuu. Jasho la mtu ambaye hajapumzika siku nyingi.

"Mkia!" Fundi akaita.

Kimya.

Nikakaza mikono kwenye usukani. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa.

"Mkia!"

Jibu likaja. Ilikuwa sauti ya Shemeji, ila sasa haikuhema hata kidogo.

"Tupo."

Miaka yangu yote nimepigania maneno yaandikwe sawasawa. Nimewahi kurudisha ramani nzima kwa sababu ya herufi moja. Mtu mmoja hasemi *tupo*. Nilijiambia kwamba amechoka, ulimi umeteleza. Mbele yangu niliona mabega ya Nesi yamepanda mpaka masikioni.

Kisha Shemeji akaja ubavuni mwangu.

Alikuja bila kuyumba, mgongo umenyooka. Niliinamisha macho kutazama miguu yake. Ilikuwa imetulia juu ya pedali, mmoja juu na mwingine chini, kama miguu ya mtu aliyekaa kwenye picha. Friwili yake ikilia. Na mlima pale ni mkali kuliko pote.

"Asante, Shemeji," akaninong'oneza, macho mbele.

"Asante ya nini?"

"Ya kunisukuma."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Akanipita. Akampita Nesi. Akampita Fundi, mtu ambaye katika miaka tisa hakuna aliyewahi kumpita mlimani. Taa nyekundu niliyomfungia ikapanda mbele yetu, ikawa ndogo, ikazama kwenye kona.

"Huyo nani?" Fundi akauliza. Hakuuliza kwa utani.

Tulikanyaga.

Tulimkuta kileleni, penye jiwe la kilometa, ambapo barabara hutulia kidogo kabla ya kuanza kushuka. Miguu yake ilikuwa chini, baiskeli katikati ya mapaja. Alitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Fundi alimpita nyuma na tochi, akasimama ghafla.

"Karani. Njoo uone."

Shati la Shemeji lilikuwa limebonyea kiunoni. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na mwili katika umbo la kiganja, vidole vitano vimetawanyika, kila kidole kikionekana. Tulitazama. Kiganja hakikuondoka. Mara kilijikaza kidogo, kama anavyofanya mtu anayebadilisha mshiko apate nguvu zaidi.

"Huu ni uchawi," Fundi alinong'ona. "Wallahi huu ni uchawi." Kisha akazunguka mbele, akamshika Shemeji mabega. "Kaka, nisikilize. Hujasema. Sema maneno yako, akuachie!"

Nieleze na hili. Katika kikundi chetu aliyechoka husukumwa. Mwenye nguvu humwekea kiganja mgongoni na kumsaidia kupanda. Lakini mkono ukiondolewa bila taarifa, anayesukumwa huyumba akaanguka. Mwenzetu mmoja aliwahi kuvunjika bega kwa namna hiyo. Ndipo tukaweka utaratibu: anayesukumwa ndiye anayemaliza. Akifika, hutamka maneno mawili, na msukumaji haondoi mkono kabla ya kuyasikia. Maneno hayo sitayaandika hapa.

"Ngoja," Nesi akasema.

Alikuwa amemshika Shemeji kifundo cha mkono. Alibadilisha vidole. Akajaribu shingoni. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akaweka sikio lake kifuani pa Shemeji, akakaa hivyo muda mrefu. Akazunguka, akaweka sikio mgongoni, karibu na kile kiganja.

Akarudi kwangu, akanivuta mpaka ukingoni mwa lami.

"Kifuani kimya," akasema.

"Kimya vipi?"

"Kimya, Karani. Mgongoni ndiko kunadunda."

Upepo ulipita juu ya miti. Nyuma yetu Fundi aliendelea kumbembeleza: sema, kaka, maneno mawili tu, sema. Na Shemeji, kwa sauti ya upole, akaita:

"Shemeji! Tumefika? Niseme?"

Mdogo wangu alikuwa sahihi. Ananiheshimu. Alinitazama akingoja ruhusa.

Ninajua wasomaji watanihukumu. Lakini nilisimama pale na hesabu mbili tu. Akisema, mkono utaondoka, nami nitamteremsha mume wa mdogo wangu akiwa amefungwa kwenye baiskeli kama mzigo. Asiposema, ataingia mlangoni kwake kwa miguu yake.

"Bado," nikamwambia. "Hatujafika. Usiseme kitu mpaka nikwambie."

"Sawa, Shemeji."

Fundi akanigeukia. "Unajua unachofanya, mzee?"

"Najua."

Sikujua.

Tulishuka. Mteremkoni friwili tatu zililia, ya Fundi, ya Nesi na yangu. Ya Shemeji ilinyamaza kimya, ingawa miguu yake haikuzunguka hata mara moja. Hakuna aliyemwita mkia tena.

Mdogo wangu alifungua mlango kabla hatujagonga. Akamkumbatia mumewe kwa nguvu, akizungusha mikono mgongoni mwake. Kisha akairudisha mikono haraka, akavitazama viganja vyake chini ya taa ya barazani.

"Mbona una baridi hivi upande mmoja?"

"Jasho la safari," nikajibu mimi.

"Asante, Kaka. Nilijua utamrudisha."

Sikumwambia Shemeji aseme yale maneno. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikasema keshokutwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwangu kwa zamani, wanakonikaribisha bado kwa heshima ya umri. Niliomba majalada ya ujenzi wa ile barabara. Yameandikwa kwa kalamu ya kuchovya wino, mwandiko ule tuliofundishwa shuleni kwa kuchapwa viboko vidoleni. Nilikuta orodha ya vibarua, kila mtu na jina lake. Nilikuta pia habari za mkokoteni wa mawe uliopandishwa mlima ule kila siku, na agizo la msimamizi: msukumaji asukume bila kupumzika mpaka aambiwe aache. Siku tatu baadaye imeandikwa kwamba msimamizi aliugua homa akateremshwa mjini, hakurudi.

Nilifungua kurasa zote zilizobaki. Hakuna panaposema kwamba kuna aliyekwenda kumwambia yule msukumaji aache. Na jina lake halimo. Vibarua wote wana majina isipokuwa yeye. Ameandikwa "msukumaji," basi.

Huenda ndiye. Huenda pia ni mzee mmoja anayetafuta sababu katika karatasi kwa kuwa karatasi ndizo anazozijua.

Mdogo wangu alikuja kwangu miezi minane baadaye, saa tisa mchana. Alikuwa amekonda. Nilimwekea chai, hakuigusa.

"Hachoki, Kaka," akasema. "Nilifurahi mwanzoni. Mtu aliyekuwa anapumzika mara mbili kwenye ngazi za nyumba yake, sasa hapumziki. Halafu akaacha kukaa. Anakula amesimama. Anatembea ukumbini, ukuta hadi ukuta. Mimi ndiye ninayemgeuza."

"Usipomgeuza?"

Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Anaendelea. Paji la uso liko ukutani, na miguu inaendelea. Nimeweka mito kwenye kuta zote."

Nilimsogezea kikombe chake.

"Na ile alama mgongoni. Ulijua kuna alama, sivyo? Mlipokuja ilikuwa kiunoni. Miezi mitatu baadaye ilikuwa kati ya mabega. Jana nilikuwa namwogesha." Akagusa kisogo chake mwenyewe. "Iko hapa. Inapanda."

"Anasema nini yeye?"

"Anauliza swali moja tu. Kila siku. Anauliza, Shemeji amesema tumefika?"

Niliinuka nikafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo.

"Kaka, Nesi ameniambia kuna maneno mawili. Hataki kuyataja, na mume wangu nikimuuliza hajibu ila lile swali. Fundi ananikwepa, akiniona anaingia ndani ya karakana anafunga mlango. Nitajie wewe. Si lazima yeye aambiwe na wewe. Nitamwambia mimi, ayaseme, yaishe."

"Ukishamwambia, unajua kitakachotokea?"

"Nesi ameniambia."

Alinitazama machoni. Tulilala chumba kimoja tukiwa wadogo. Anajua kwamba sijapata kusahau jina la mtu, wala namba ya jalada, wala neno. Alikuwa na miaka mitano nilipomfundisha kusoma, na nilimsahihisha kila herufi, na sikuacha hata alipokuwa mke wa mtu.



"Nimesahau," nikasema.

Nilidhani atanitukana, na ningepokea. Badala yake akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia.

"Asante, Kaka."

Kisha akasimama haraka, akajitupia kanga begani, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Acha nikimbie," akasema. "Nimemwacha peke yake."

Sikumsahihisha.