Ujumbe Uliosomwa Kabla ya Kutumwa

Ilikuwa saa saba mchana, wakati ambao zahanati hupumua kidogo. Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kuzalishia, viatu amevivua, anamwandikia mdogo wake: "Usimwambie mama kwamba presha yangu imepanda tena." Kidole kilikuwa bado hewani, hakijagusa alama ya kutuma, na chini ya maneno yale, yakiwa bado kwenye kisanduku cha kuandikia, zikatokea tiki mbili za bluu.

Yamesomwa.

Alikodoa macho. Akapata harufu ya nywele zilizoungua, kidogo tu, kama mtu aliyepita karibu akaenda zake. Akampigia mdogo wake.

"Simu iko kwenye chaji, dada. Mimi nafua. Sijaona kitu."

"Basi ni mtandao," alisema mkunga, akavaa viatu vyake.

Programu ile ya gumzo, ambayo siku hizi aliitumia hata kumwandikia mdogo wake, ilikuwa na miezi minne tu pale kazini. Daktari mkuu aliileta kwa mbwembwe: kila mjamzito amwandikie mkunga wake humo, foleni ipungue, siri ikae mahali pake. Kabla ya kuanza kulikuwa na kurasa arobaini na kitu za masharti, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na mwishoni neno moja la kubonyeza: Nakubali. Nani angesoma yote yale, na chumba cha pili kuna wanawake wawili wana uchungu? Mkunga alibonyeza. Alibonyeza kwa ajili yake na kwa ajili ya wajawazito wake sitini, maana wengi walimpa simu zao na kumwambia, "Nifanyie wewe, mimi sijui mambo haya."

Jioni alimkuta mumewe kwenye karakana yake kando ya nyumba, anapiga randa ubao kana kwamba ubao umemtukana. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno mengi na kinyongo kidogo. Siku hiyo ilikuwa kinyume.

"Kumbe mimi ni mzigo," alisema bila kugeuka.

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulisimama hapo nyuma yangu saa nane ukasema, 'Mume wangu amekuwa mzigo, natamani wiki moja nisimsikie akilalamika.' Nikageuka, haupo. Nikadhani umekimbilia ndani kwa aibu."

"Saa nane nilikuwa kazini, nazalisha!"

"Basi sauti yako ina miguu yake."

Mkunga alikaa juu ya rundo la mbao. Maneno yale aliyajua. Alikuwa ameyaandika siku tatu nyuma, kwa hasira, kumwandikia mdogo wake. Halafu roho ikamsuta, akayafuta herufi moja moja mpaka ya mwisho. Hakuyatuma. Hakuna kiumbe aliyeyaona.

Hakumwambia mumewe kwamba aliyaandika. Alisema tu, "Umesikia vibaya," na usingizi wao ukawa wa kupeana migongo.

Wiki iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika kweli. Miongoni mwa wajawazito wake alikuwamo mwalimu wa darasa la nne, mimba ya miezi sita, mwanamke mpole ambaye mumewe alikuwa mtu wa tabasamu nyingi barazani na ngumi nyingi chumbani. Jumatano mwalimu aliandika kwenye programu: "Ijumaa naondoka kwenda kwa kaka yangu. Ukiulizwa, hujui." Mkunga akajibu: "Sijui chochote. Nenda salama."

Ijumaa saa nne asubuhi mwalimu aliletwa zahanati kwenye kiti cha plastiki, wamembeba watu wanne. Mkono wa kushoto umevunjika. Mkunga aliweka sikio la chuma tumboni, akasubiri, akasubiri, mpaka akausikia moyo wa mtoto ukienda mbio, na hapo ndipo naye akakumbuka kuvuta pumzi.

"Mtoto yuko sawa," alisema.

Mwalimu alimtazama kwa macho makavu. "Nilikwambia wewe peke yako."

"Haki ya Mungu, sikufungua mdomo."

"Mume wangu anasema alisikia sauti yangu mimi, dirishani, ikimwambia naondoka Ijumaa. Uongo wa kitoto! Wewe ulimwonyesha simu. Amekupa nini?"

"Mwalimu, nisikilize..."

"Usinishike."

Kaka yake alimchukua siku hiyohiyo. Mkunga alisimama mlangoni na faili mkononi. Angemwelezaje? Kwamba naye mumewe alisikia sauti isiyo na mtu? Nani angemwona ana akili timamu?

Aliingia chooni, akafunga mlango, akaifungua ile sehemu ya msaada kwa wateja. Akaandika: "Nani anasoma mazungumzo yetu?"

Jibu lilikuja papo hapo. "Asante kwa kuwasiliana nasi! Tunathamini faragha yako. Mazungumzo yako yanaonekana na wewe na wahusika tu."

"Wahusika ni nani?"

"Wahusika wameelezwa katika masharti uliyoyakubali."

Akayatafuta masharti. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukabaki mweupe.

"Ukurasa haufunguki. Nauliza tena, ni nani? Mtu amevunjwa mkono!"

"Samahani kwa usumbufu. Je, tumekusaidia? Chagua nyota moja hadi tano."

Alibonyeza nyota moja kwa nguvu hadi kucha ikamuuma.

"Asante! Maoni yako yatatuwezesha kukuhudumia kwa ukaribu zaidi."

Na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjia, safari hii si kama ya mpita njia, bali kama ya mtu aliyeinama begani kwake kusoma pamoja naye.

Alitoka mbio mpaka ofisini kwa daktari mkuu, akamweleza yote isipokuwa harufu. Daktari mkuu alimsikiliza huku anasaini karatasi.

"Una ushahidi?"

"Mwalimu amevunjwa mkono, daktari!"

"Hilo ni jambo la ndoa, si la programu. Lakini kama una malalamiko, yaandike rasmi."

"Nimwandikie nani?"

"Kuna sehemu ya malalamiko. Humohumo ndani."

Mkunga alicheka. Alicheka kicheko kibaya, cha mtu aliyeomba maji akapewa picha ya bomba, mpaka daktari akaacha kusaini na kumwambia aende akapumzike.

Aliiondoa programu kwenye simu. Akaizima simu. Mumewe, ambaye bado alikuwa amenuna lakini hakupenda kumwona mkewe anahangaika, akaitia simu kwenye sanduku la vifaa, akapigilia misumari sita. "Haya. Huyo mwenye sauti atoke sasa tumwone."

Haikusaidia kitu. Jumatatu asubuhi, jua limejaa dirishani na mwanamke mmoja amelala kitandani anasukuma mtoto wake wa kwanza, nyuma ya kabati la vifaa kulianza mchakacho mdogo, tik tik tik, kama kucha zinazogonga kioo, na mkunga akajisemea ni panya, lakini mchakacho ule ukageuka mnong'ono, na mnong'ono ukawa sauti ya mwanamke anayesoma bila kupumua, kisha wanawake wawili, kisha kumi, sauti alizozijua moja moja kwa sababu zote zilikuwa za wajawazito wake, zikisoma kila walichomwandikia na kila walichokifuta kabla ya kukituma, mtoto si wa mume wangu, dada usimwambie mtu nimekunywa dawa, natamani mimba hii itoke, nisamehe nimesema vibaya, zikipandana na kusukumana ukutani kama watu wanaogombea mlango mmoja, na ile harufu ikajaa chumba hadi macho yakamchoma, na katikati ya zote akasikia sauti ya huyuhuyu aliyelala mbele yake, ambaye wakati huo meno alikuwa ameyauma na mdomo ameufunga.

Mwanamke kitandani aliinua kichwa. "Nani anasema mambo yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo ya kuogopa. "Mkunga, nani yuko nyuma ya kabati?"

"Sukuma, mwanangu. Nitazame mimi. Usisikilize huko."

Mtoto alizaliwa salama. Mkunga alivua glavu, akanawa, na bila kuaga mtu akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa mganga wa majini tangu mkunga akiwa mtoto, na mkunga, kwa usomi wake, hakuwahi kumwamini hata siku moja. Shangazi alilijua hilo.

"Leo umenikumbuka," alisema. "Vile vyeti vyenu vimekwisha nguvu?"

"Shangazi, nisute baadaye. Nimefika mwisho."

Alikuja alasiri ileile na beseni la maji na mkeka, akilalamikia magoti yake tangu barabarani hadi sebuleni. Akamkalisha mkunga na mumewe upande mmoja, mdogo wake upande wa pili, kwa sababu alitaka wote walioguswa wawepo. Kisha akagonga ukingo wa beseni kwa pete yake, mara tatu, akasubiri.

Tik tik tik, nyuma ya ukuta.

"Wewe ni nani?" aliuliza shangazi.

Halafu sauti ikajibu, sauti ya mkunga mwenyewe, wakati mkunga mdomo wake umefungwa: "Mhusika."

Mdogo wake alipiga yowe. Seremala akamshika mkewe mkono kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Hilo si jina," alisema shangazi. "Nakuuliza jina."

"Jina liko kwenye masharti."

"Nani kakuleta?"

"Alikubali."

"Sikuuliza nani kakubali. Nimeuliza nani kakuleta. Na hayo maneno ya watu unayachukua, unampelekea nani?"

"Tunathamini faragha yako," ilisema sauti, tamu kama mtu anayebembeleza mtoto.

Shangazi alichukia. Majini wote aliowahi kuwatoa walikuwa na jina na ukoo, walitaka kitambaa au marashi, wakipewa wanaondoka. Huyu alijua kila kitu cha kila mtu, na chake mwenyewe hakitoi hata kimoja. Aliuliza tena, akauliza kwa lugha ambayo wale wengine hawakuielewa, akapiga maji kwa kiganja hadi mkeka ukalowa. Majibu yalikuwa yaleyale matatu, yakizunguka.

Mwishowe alijifuta uso. "Hajitaji, kwa hiyo siwezi kumwita nje. Inabaki kumnyima chakula. Anakula maneno yaliyofichwa. Binti yangu, yale uliyoyaandika na kuyafuta, yaseme. Kwa mdomo wako, mbele ya wenyewe. Likishasemwa na mwenyewe, kwake limekufa."

"Yote?"

"Ukibakiza moja, atabaki nalo."

Mkunga aligeuka kwa mumewe. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuzalisha mapacha. "Niliandika kwamba wewe ni mzigo. Niliyaandika kweli, nikayafuta. Nilikudanganya kwamba umesikia vibaya." Machozi yakamtoka. "Niliandika kwamba ningeolewa na mwingine ningekuwa nimejenga. Nikafuta." Kwa mdogo wake: "Niliandika kwamba mama anakupenda wewe tu. Na presha yangu ni mbaya kuliko nilivyokwambia." Akaendelea, moja baada ya jingine, na kila alipotamka moja, kati ya sauti zilizokuwa zimeanza kunong'ona ukutani, moja ilikatika kama redio iliyochomolewa waya.

Ilipobaki sauti moja, seremala alikohoa. "Hiyo nadhani ni yangu. Nilishika simu ya mke wangu nikitaka kumwandikia rafiki yangu kwamba mwenye simu anakoroma kama msumeno butu. Nikaogopa, nikafuta."

Hata shangazi alicheka. Na ndani ya kicheko hicho ukutani kulitoka sauti kama ya nguo mbichi inayovutwa kwenye ufa mwembamba, ikavutwa, ikavutwa, ikaisha. Harufu ikatoweka. Walisikia jirani anafagia uwanja.

"Nyumba yako imesafika," alisema shangazi, akijiinua kwa kushika ukuta. "Lakini kule kazini, na huko alikotoka, mkono wangu ni mfupi. Kuna wanawake sitini, na maneno yao si yako kuyasema."

Mkunga alilijua hilo. Kesho yake alianza kuwazungukia kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akiwaambia waache kuandika. Wengine walimshukuru, wengine walimwona amerukwa na akili, mmoja alimwambia kila mtu anayo programu hiyo, yeye ataishije bila kuwa nayo? Wa mwisho alikuwa mwalimu, na kwa huyo alisimama nje ya nyumba ya kaka yake muda mrefu kabla ya kubisha hodi.

Mwalimu alimpokea akiwa na mkono kwenye plasta. Hakumkaribisha kiti, lakini hakumfukuza. Mkunga alieleza kila kitu akiwa amesimama, tiki, karakana, kabati, beseni. "Najua huwezi kuniamini," alimalizia.

"Nakuamini," alisema mwalimu.

Mkunga hakutegemea hilo. Akakaa bila kukaribishwa.

"Nimekuwa nikifikiri tangu nifike hapa," mwalimu aliendelea, akiwa amepunguza sauti na kutazama mlango. "Siku ile mume wangu hakunifuata. Alikuwa ameshafika, ananisubiri kwenye njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Wewe nilikuandikia siku tu. Njia sikukuandikia."

"Basi ulimwandikia kaka yako."

"Hapana. Njia ile sikuiandika popote, wala sikumwambia mtu. Niliiamua asubuhi ileile, kitandani." Aliuegemeza mkono wenye plasta tumboni. "Nilikuwa nimeshika simu natazama saa. Nikaiwaza tu."

Nje, wifi yake alikuwa anasuuza vyombo, kisha akaacha, na nyumba ikawa kimya. Mwalimu alimsogelea mkunga kwenye kochi. Wakakaa hivyo, mabega yamegusana, kila mmoja akijitahidi asiwaze chochote.