Aliyelala Dohanini

Moshi wa nyumba ile haukuwa na adabu. Badala ya kupanda dohani na kwenda zake juu, uligeukia sebuleni ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mama alivumilia macho kuwasha, ila kifua cha kitindamimba wake, kilichopiga filimbi kila alipovuta pumzi, kilimtia hofu.

Akamwita Fundi Masizi, mtu wa mzaha mwingi. Fundi aliwasha kipande cha gazeti mdomoni mwa meko. Moto ulipaswa kuinamia ndani, lakini uliwainamia wao. Kisha ukainamia ndani. Kisha nje tena, polepole.

"Mama, dohani yako inapumua!" alicheka, kicheko kikamfia mdomoni.

Alipanda juu ya paa. Mafundi wa dohani hawashushi brashi bila kubisha, ili aliye chini afunike meko. Akaita tunduni, "Hodi huko!"

Mama alikuwa nje ameshika ngazi, mtoto mgongoni. Ndani hamkuwa na mtu.

"Taratibu," sauti ikajibu kutoka tunduni. "Nimelala."

"Mama, nashuka," fundi alinong'ona.

"Usishuke. Kitoe, baba, chochote kilichomo. Mwanangu ananifia."

Brashi ikagusa kitu laini, ikakisukuma, na harufu ya nywele zilizoungua ikafumka tunduni, ikateremka ukutani, ikamzunguka mama kama mtu anayetafuta mlango, halafu ikapotea ghafla.

Walipoingia ndani na kujaribu gazeti tena, moto uliinamia ndani, moshi ukapanda wima. Fundi akapiga makofi.

Mgongoni mwa mama filimbi ilikuwa imenyamaza. Mtoto alipumua kimyakimya, na kila pumzi ilitoka na uzi wa moshi wenye harufu ileile.

"Mungu wangu," fundi alisema. "Kimehamia kifuani."

Mama alimlaza mtoto mbele ya meko, akapiga magoti. "Rudi kwako," alisema. "Nyumba chukua yote. Sisi tunahama sasa hivi. Niachie mwanangu."

Moshi ukatoka puani mwa mtoto, mrefu, bila haraka, ukaingia mekoni. Mtoto akalia kwa nguvu. Mama akambeba, akakimbia pekupeku, fundi nyuma yake.

Walikuwa wamefika barabarani sauti ilipowafuata, ya upole, yenye usingizi.

"Asante, mama. Ila uwe unamleta anisalimie."