Mafuta Mekundu ya Trevor Salt

Lorraine Salt alikuwa akiosha vyombo vya asubuhi huku amevaa koti, skafu na kofia ya sufu. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa ndani ya nyumba yake, na nyumba yake ilikuwa boti nyembamba iitwayo Peggy, iliyofungwa kando ya mfereji karibu na Great Haywood, Uingereza. Ilikuwa katikati ya Machi. Siagi mezani ilikuwa ngumu kama sabuni, na vidole vya Lorraine vilikuwa vyeupe na vinauma.

Hita ilikuwepo, tena nzima kabisa. Ila mumewe, Trevor, alikuwa ameizima siku sita zilizopita na kukataza isiguswe.

Trevor si mtu mbaya. Alipeleka barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja bila kupoteza hata moja. Hajawahi kutozwa faini. Akiona kibao kinachosema watu wasikanyage majani, yeye hata kuyatazama hayatazami. Kwa hiyo siku mpwa wake alipompa habari ya mafuta, usingizi ulimruka.

Mpwa huyo anaitwa Kieran, naye huendesha katapila kwenye kazi za ujenzi. Alikuja kuwatembelea na van yake, akala mikate yao minne ya oti yenye jibini, kisha akasema, "Mjomba, kuanzia tarehe mosi Aprili mafuta mekundu basi. Kazini tumeambiwa tusafishe matangi. Ukikutwa nayo, umekwisha."

Mafuta mekundu ni dizeli iliyotiwa rangi. Kodi yake ni ndogo, na rangi ile huwaonyesha maofisa kwamba kodi kamili haijalipwa. Watu wa mfereji huitumia kuendesha injini na kupasha boti joto. Siku ile tangi la Peggy lilikuwa nusu.

Trevor hakumwuliza mtu mwingine. Alikata shauri peke yake, kama kawaida yake, na bila kungoja Aprili akazima hita siku ileile.

"Dizeli ya kodi kamili hatuiwezi," alimwambia mkewe. "Si kwa kuota moto majira yote ya baridi. Tutauza boti kabla ya Aprili. Tutakaa kwa Joanne."

Joanne ni binti yao. Ana fleti ndogo mjini Stafford, na alikuwa ameshaanza kutoa masanduku kwenye chumba cha stoo ili wazazi wake wapate pa kulala. Chumba hicho hakina dirisha. Mnunuzi naye alikuwa amepatikana, Bwana Pargeter wa Stone, na angekuja Jumamosi. Bei aliyotaja ilikuwa ya chini mno. Alaumiwe nani? Trevor mwenyewe ndiye aliyemwambia kwa simu kwamba mafuta ya boti yanapigwa marufuku.

Lorraine alikuwa ameishi ndani ya Peggy miaka kumi na tisa. Aliipenda kuliko nyumba yoyote ya matofali aliyowahi kukaa. Wazo la kuiacha lilimuuma hasa, akawa analia akiwa bafuni peke yake. Lakini Trevor hakumwuliza, na yeye hakusema.

Basi Jumanne hiyo, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni, Lorraine alisikia injini nzito ikija polepole kutoka kwenye kona. Ilikuwa boti ya mafuta ya Sheena Wardle. Sheena hupita kila baada ya wiki tatu, akiuza dizeli, makaa ya mawe na mitungi ya gesi. Yeye humwita kila mtu mpenzi, hata mbwa.

"Mwambie leo hatuhitaji kitu," Trevor alisema bila kuinua macho kwenye gazeti.

Lorraine alitoka nje. Moyo ulikuwa umemjaa, akaona liwalo na liwe.

"Sheena, umebakiza siku ngapi za kuuza mekundu?" aliuliza.

Sheena alikuwa anafunga kamba. Akaacha. "Mimi? Mpaka nitakapozeeka, mpenzi. Kwani umesikia nini?"

"Si yanapigwa marufuku tarehe mosi?"

"Nani kasema?"

"Kieran, mpwa wa Trevor. Anaendesha katapila."

"Ahaa!" Sheena alicheka. "Kieran hakusema uongo. Kwa katapila ni marufuku. Kwa mashine za ujenzi na viwanda vingi, ni marufuku kweli. Kwani Peggy ni katapila?"

Trevor alisikia kicheko. Akatoka na kusimama mlangoni akiwa na blanketi mabegani. "Sheria ni sheria, Sheena. Mimi sitaki kesi."

"Hakuna kesi, Trevor. Sheria hiyohiyo imeacha boti nje. Hapa kwetu Uingereza, boti za binafsi zitaendelea kutumia mekundu kama jana na juzi. Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, na wewe huko huendi. Au utapita juu ya bahari na Peggy?"

Lorraine alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Trevor hakucheka. "Lakini kodi—"

"Kodi mmekuwa mkiilipa siku zote! Lorraine, kila nikija nakuuliza, 'Mgawanyo?' Nawe hunijibu nini?"

"Sitini, arobaini."

"Maana yake nini?"

Miaka yote Lorraine alikuwa akijibu hivyo kama mtu anayeitikia salamu. Alilisikia jibu hilo kwa wengine, akalishika.

"Sijui," alisema. "Kila mtu husema hivyo."

"Basi sikiliza, mpenzi. Kuuliza si ujinga." Sheena alikaa juu ya gunia la makaa. "Mafuta ni yaleyale na tangi ni lilelile. Ila serikali inauliza, mafuta haya utayafanyia nini? Yanayosukuma boti yanalipiwa kodi kamili. Yanayowapa joto, maji ya moto na umeme wa taa mkiwa mmefunga kamba, hayo kodi yake ni ndogo. Wewe ndiye unayetamka ni kiasi gani huku na kiasi gani kule, na unatia sahihi kwenye karatasi yangu. Ukisema sitini, umesema katika kila lita mia, sitini ni za safari."

"Sitini!" Lorraine alishangaa. "Majira haya ya baridi tumesogea mara moja tu kila siku kumi na nne, kwa kuwa leseni inatutaka tuhame. Nayo ni safari ya saa moja au mbili."

"Basi mmelipia kodi kamili safari ambazo hamkusafiri."

"Lakini sitini kwa arobaini si ndiyo sheria?" Trevor alisema.

"Ni mazoea, si sheria. Kuna wengi inawafaa, na si vibaya kama ndiyo kweli yao. Sheria inataka useme makisio ya haki. Ukisogea kidogo, sema kidogo. Ukisafiri sana, sema sana. Lorraine, wewe una kalenda ukutani. Tia alama siku mnazosafiri na saa mlizotumia. Mtu wa kodi akiuliza, unamwonyesha."

Hapo Sheena akainuka avute bomba lake. Ndipo alipoyaona madumu mawili ya plastiki nyuma ya boti, yamejaa, yamefunikwa turubai nusu.

"Na haya?"

"Nimeyapampu kutoka kwenye tangi," Trevor alijibu kwa fahari kidogo. "Sikuyamwaga mferejini, mimi si mshenzi. Ni ya Kieran. Leo jioni anakuja kuyatia kwenye van yake."

Sheena aliachia bomba. Uso wake haukuwa tena na mzaha.

"Trevor Salt, hapo sasa ndipo kwenye kesi."

"Kesi gani?"

"Gari la barabarani haliruhusiwi kutiwa mekundu. Halikuruhusiwa mwaka jana, na halitaruhusiwa mwaka ujao. Maofisa husimamisha magari na kupima tangi papo hapo. Rangi ile haitoki kirahisi. Wakiikuta, faini, na van wanaweza kuichukua. Na Kieran akiulizwa ameyatoa wapi, atasema kwa mjomba."

Trevor alikaa kitako juu ya paa la boti. Mtu aliyeogopa sheria siku zote alikuwa amebakiza saa chache tu aivunje. Alinywea. Lorraine alimwonea huruma, ingawa, tuseme kweli, aliona raha kidogo pia.

"Mimi nauza mafuta," Sheena alisema, sauti ikiwa imelainika. "Usiniamini mimi peke yangu. Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Pigia ofisi ya kodi, waulize wenyewe. Mimi nafunga boti hapa mpaka kesho."

Trevor alichukua simu na bahasha kuukuu na kalamu, akaenda kusimama juu ya daraja, ambako mtandao unashika. Alisubiri dakika arobaini akipigiwa muziki wa kinanda. Lorraine alimwona kwa mbali akipiga miguu chini kwa baridi. Kisha akamwona anazungumza, anaandika, anaandika tena. Aliporudi, bahasha ilikuwa imejaa pande zote mbili.

"Ni kama alivyosema," alisema. "Boti yetu inaruhusiwa. Mgawanyo tunasema wenyewe, kwa haki. Van, hapana kabisa." "Nimempigia na Kieran. Amesema, 'Mjomba, mimi nilikuwa naongelea katapila.'"

Alirudisha madumu yote mawili kwenye tangi, taratibu, bila kumwaga hata tone. Halafu akaingia ndani na kuwasha hita. Lorraine aliweka viganja vyake mbele ya hewa ya moto mpaka vidole vikarudi kuwa vyekundu. Akavua kofia na skafu. Koti alilivua mwisho.

Asubuhi yake, Sheena aliwajazia tangi. Kabla ya hapo Lorraine na Trevor walikuwa wamekaa na kalenda, wakikumbuka safari zao moja moja. Sheena alipouliza mgawanyo, Lorraine alijibu kwa sauti, "Ishirini za safari, themanini za nyumbani." Alitia sahihi akijua anachosaini. Malipo yalipungua, si kwa ujanja bali kwa kuwa ndio ukweli.

Lakini kuhusu mnunuzi, Trevor hakusema kitu. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Lorraine alijua ugonjwa wa mumewe. Trevor alikuwa ameshawaambia watu wote wa mfereji kwamba anauza, na kurudisha neno lake ilikuwa kama kumeza mwiba wa samaki.

Jumamosi saa nne, Bwana Pargeter alikuja. Alikuwa mtu mnene, mpole, amevaa viatu visivyofaa tope. Alikunywa chai, akasifu mbao, akagonga kuta kwa vidole.

"Kwa hiyo hapa pana joto namna hii mpaka Aprili tu," alisema. "Baadaye itabidi nisafishe tangi. Ndiyo maana bei yangu ipo pale."

Trevor aliangalia kikombe chake. Masikio yalimwiva.

"Nilikukosea," alisema. "Nilikwambia jambo ambalo sikuliuliza. Mafuta mekundu hayakatazwi kwenye boti kama hii. Unalipa kodi kamili kwa yale ya safari, kodi ndogo kwa yale ya nyumbani, na unasema kweli. Tangi halina haja ya kusafishwa."

Lorraine alikuwa ameolewa naye miaka arobaini na mmoja. Hakuwahi kumsikia akitamka neno "nilikosea" mbele ya mgeni.

Bwana Pargeter aliweka kikombe chini. "Hilo linabadilisha mambo," alisema. "Basi nitaongeza. Nitatoa bei kamili. Boti nimeipenda."

Bei kamili si kitu cha kutupa, na Trevor hakuwa mjinga. Aligeuka polepole akamtazama mkewe.

"Lorraine," alisema. "Nilitakiwa nikuulize tangu mwanzo. Wewe unasemaje?"

Lorraine alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa ameyapanga kichwani siku kumi nzima, makali yote. Sasa alipoulizwa, hakuyahitaji.

"Nasema tuhame," alijibu.

Trevor alishusha macho. "Kwa Joanne?"

"Kwa Joanne kufanya nini? Siku zetu kumi na nne hapa zinakwisha kesho. Tuhame na boti yetu. Samahani, Bwana Pargeter. Maliza chai yako kwa raha zako, lakini haiuzwi."

Kesho yake asubuhi Lorraine alifungua kamba, Trevor akashika usukani, nao wakaondoka kuelekea kaskazini. Tarehe mosi Aprili iliwakuta wamefunga boti karibu na Stone, theluji nyepesi ikianguka na hita ikiunguruma, mafuta mekundu yakiwa tele tangini. Kwenye kalenda, Lorraine alikuwa ameandika: saa tatu za safari.