Picha Zenye Kifuniko

Picha iliyopigwa lenzi ikiwa imefunikwa haina haki ya kuwa na kitu ndani. Popo alilijua hilo vizuri. Majirani walimpachika jina hilo kwa sababu mchana alipiga picha za pasipoti, na usiku alibeba kamera, stendi na betri hadi kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, kuvizia ule mwanga hafifu unaopanda angani kabla ya alfajiri, ambao macho matupu huukosa. Kila akimaliza kupiga anga, alifunika lenzi akapiga picha moja ya giza, ili ajue uchafu wa kamera yenyewe na kuuondoa baadaye kwenye kompyuta.

Usiku ule, ndani ya picha ya giza, kulikuwa na mtu amesimama kwa mbali.

Alidhani kifuniko kimelegea. Akakikaza, akapiga tena. Mtu alikuwa amesogea. Picha ya tatu ilionyesha bega, shingo na nusu ya uso, na Popo, badala ya kutimua mbio, alikaa chini akalia, maana ulikuwa uso wa mkewe, aliyezikwa miezi minane iliyopita.

Akampigia simu dada yake.

"Usimpige picha tena," dada alinong'ona. "Huyo si wifi yangu. Ni jini. Jini hana sura, mdogo wangu. Anaazima."

"Anaazima wapi?"

"Kwako! Sura ya marehemu inakaa wapi kama si kwako? Njoo ulale kwangu, tafadhali."

Aliahidi, lakini hakwenda. Alikuwa amechoka kula peke yake, basi.

Usiku wa saba kulinuka udongo mbichi ingawa mvua haikunyesha, na nyayo zikasikika kwenye kokoto kila zake ziliponyamaza, na betri ikawa baridi mkononi, naye akaendelea kupiga, dakika tano kila picha, kifuniko kikiwa palepale, anga hata halitazami tena, mpaka ule uso ukajaa picha nzima, na alipogusa kifuniko akakuta kimeloa pumzi kwa ndani.

Asubuhi alitazama picha ya harusi ukutani. Juu ya shingo ya bibi harusi palikuwa na ngozi tupu, laini kama ganda la yai. Akafungua albamu, akatafuta kitambulisho cha mkewe. Kote vilevile. Akafumba macho amkumbuke, asipate kitu. Akampigia simu dada yake.

"Dada, nielezee tu. Pua yake ilikuwaje?"

Upande wa pili zilisikika kurasa za albamu zikipekuliwa.

"Dada?"

"Tangu alfajiri najaribu," dada alisema huku analia. "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Jikoni mtu alifungua bomba la maji, akamwita kwa lile jina la chumbani, ambalo mkewe pekee ndiye aliyelijua.

Popo akaitika. Angejuaje kuwa si yeye?