Basi Lisilotaka Kupigwa Picha

Kila alasiri, Ininahazwe akitoka shule, kazi yake ilikuwa kuanua mihogo kabla kuku hawajajihudumia. Nyumba yao ilitazama barabara ya lami itokayo Kasulu kwenda Kibondo, na mabasi yalipita hapo kama yanafukuzwa na nyuki.

Wiki hiyo Mwalimu Immakulata aliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita walete picha za vitu vinavyokwenda, zibandikwe ukutani. Wenzake walichagua kuku na baiskeli. Ininahazwe, kwa mdomo wake mwenyewe, akatangaza kuwa atalipiga picha basi la Kibondo likiwa mbioni. Mama akamwazima simu kwa sharti moja.

"Piga kutoka uani. Lami usiisogelee. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Picha ya kwanza, basi lilitoka dogo kama kiberiti. Kesho yake akasogea hadi mtaroni bila kumwambia mtu. Akabonyeza mapema, akapata mbuzi. Akabonyeza baadaye, akapata moshi. Alipobonyeza basi likiwa mbele yake kabisa, ukatoka ukungu wa bluu.

"Hili ni basi au kanga ya mama yako kwenye upepo?" aliuliza Mudathiri, mtoto wa mwenye duka, darasa zima likisikia.

"Kesho utaliona!"

"Kesho utaleta tairi, tulisukume wenyewe."

Ukweli ni kwamba Ininahazwe aliliogopa basi lile. Likipita, ardhi ilitetemeka. Lakini maneno ya Mudathiri yalimwasha kuliko hofu. Akajidanganya kuwa ukungu unatokana na kusimama mbali. Kesho yake akasimama ukingoni mwa lami.

Honi ikalia konani. Akainua simu. Papo hapo, ng'ambo ya barabara, akatokea jirani yao Bibi Vestina, jembe begani.

"Mwidiwe, mwana wanje!"

Salamu ya Kiha haijibiwi umesimama wima kama nguzo ya umeme. Mtoto aliyelelewa huinama, hupiga makofi taratibu, huulizwa habari za nyumbani, za shamba na za mbuzi. Mwili wa Ininahazwe ukatii kabla kichwa hakijafikiri. Akainama palepale, simu katikati ya viganja.

Honi ikageuka ukelele. Upepo ukampiga shavuni. Akajitupa mtaroni, akatambaa hadi ndani ya shamba la mihogo. Nyuma yake matairi yalilia, kisha basi likasimama.

"Wameua mtoto!" Bibi Vestina alipiga yowe. "Mtoto wa watu jamani!"

Dereva alishuka mbio. "Nilimwona amesimama," alisema, "mara akazama chini! Akazama chini ya gari!" Akapiga magoti kuchungulia uvunguni.

"Venanti, kimbia!" konda alimnong'oneza. "Wanakuja na mapanga!"

"Nikimbie niende wapi? Nimeua mtoto."

Kwenye mihogo, siafu walipanda miguu ya Ininahazwe, naye hakuthubutu kujikuna. Akitoka, mama atajua kuwa amevunja sharti. Asipotoka... Akawaona wanaume wanakimbia kutoka mashambani. Mmoja akamkaba dereva shingoni, mwingine akainua mpini wa jembe.  Ininahazwe akajisukuma nje kwa magoti.

"Nipo!" Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Nipo hapa! Sijafa!"

Mpini ukabaki hewani. Bibi Vestina akakaa chini. Dereva naye akakaa, kama gunia lililokatwa kamba.

"Umeumia wapi, mwanangu?" dereva alimuuliza.

"Sijaumia, baba. Kosa ni langu. Mama alinikataza kuja hapa. Nilitaka picha ya basi lako."

"Picha?" Venanti akacheka, na huku akicheka machozi yakamtoka.

Mama alipofika, alichukua simu yake. Jumamosi ndipo alipoirudisha. Wakapanda pamoja kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, mbali na lami. Ininahazwe alijaribu kwanza kwa baiskeli zilizopita, akakosea tena na tena, hadi alipogundua kuwa akigeuza kiwiliwili kuifuata baiskeli, na kubonyeza huku bado anageuka, ukungu unahamia kwenye majani ya nyuma. Basi lilipokuja akaligeukia hivyohivyo. Likatoka safi, hadi mkono wa Venanti ukipunga.

Mama aliitazama picha.

"Siku ile ulipojitokeza, ulimwokoa mtu," alisema. "Ila ulichelewa. Ukikosa tena, toka kwenye mihogo mapema."

"Ndiyo, mama."

"Na jambo jingine. Picha ikiharibika, unafuta, unapiga nyingine. Wewe ukiharibika, Ininahazwe, mimi nampata wapi mwingine?"