Tarumbeta ya Baba wa Bibi Harusi

Boksi lilikuwa juu ya meza ya ukaguzi, limefunguliwa, na ndani mlikuwa na mchanga. Mchanga mtupu, umefungwa vizuri kwenye mifuko ya plastiki. Kinyozi aliyeagiza tarumbeta kutoka ng'ambo alisimama mbele yake na risiti ya ushuru mkononi, macho yamemtoka.

"Nimelipa asubuhi hii hii," alimwambia Inspekta. "Nimelipia ushuru kitu ambacho hakipo. Na Jumamosi namuozesha binti yangu. Nimeahidi kumpigia mwenyewe."

Inspekta alikuwa mtu wa maneno machache na njaa nyingi. Simu ya ofisa wa forodha ilimkuta ndiyo kwanza ananawa mikono ale chakula cha mchana, na hilo alilihesabu kuwa kosa la pili. Alivaa glavu, akaligeuza boksi huku na huku. Lakiri ya forodha ilikuwa imebandikwa upya, tena kwa ustadi. Akaliweka boksi kwenye mizani. Uzito ulikuwa ule ule ulioandikwa siku lilipoingia.

"Mwizi wa kawaida anachukua, anatokomea," alisema. "Huyu alikaa akapima mchanga. Ni mtu wa humu humu ndani."

Akaitwa mtunza ghala. Kumbe ni kaka wa mke wa kinyozi. Alikuja amechomekea shati, jasho likimtiririka ingawa feni ilimwelekea yeye.

"Pole sana, shemeji," alisema, akiangalia viatu vyake.

"Ufunguo wa ghala anao nani?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu, afande."

"Lakiri hubandika nani?"

"Mimi."

"Mbona unatoka jasho?"

"Joto, afande."

"Mimi nasikia baridi."

Mtunza ghala alijipangusa paji la uso.

Lakini tarumbeta ilipita wapi? Getini wanapekua hata vyombo vya chakula. Isitoshe, ofisa wa forodha aliapa kwamba mtunza ghala huyu hajawahi kutoa hata pini isiyolipiwa. Mkewe mwenyewe aliagiza viatu, akazungushwa naye wiki nzima kwa ajili ya risiti. Inspekta alikuna kidevu. Mtu wa aina hiyo kuiba, huenda. Kukwepa ushuru, thubutu.

"Nipelekeni kwenye mizigo ambayo haijalipiwa," alisema.

Rafu yenyewe ilikuwa nyuma kabisa, imejaa vumbi na vitu vya watu waliosikia kiwango cha ushuru wakaingia mitini. Nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya gunia, tarumbeta ilikuwa inang'aa. Ilikuwa na kibandiko kabisa: ISITOKE MPAKA USHURU ULIPWE.

Mtunza ghala aliketi juu ya kreti.

"Kuiba nimeiba," alisema. "Kazi yangu imekwisha, najua. Lakini kutoa mzigo bila ushuru, afande, hilo siwezi."

"Kwa nini, shemeji?" kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu unapiga vibaya. Ile ya kwanza ilipovunjika mtaa mzima ulishukuru, wewe ukaagiza nyingine. Binti alikuja kwangu analia. 'Mjomba, nampenda baba, siwezi kumwambia. Fanya lolote.' Nilitaka kuificha mpaka harusi ipite tu. Kila mtu huja hapa kulalamika wiki mbili ndipo alipe. Nani alijua wewe ungelipa mapema hivi?"

Kinyozi aliliinamia gunia. Ilimuuma, na wote waliona imemuuma.

"Itambue mali yako," Inspekta alisema kwa upole. "Piga kidogo."

Akapiga. Wapagazi walitua mizigo. Mbwa wa forodha, aliyefunzwa kunusa magendo bila kubweka, alibweka. Inspekta, ambaye alikuwa ameshatoa pingu, alizirudisha mfukoni taratibu.

Kinyozi aliwatazama mmoja mmoja usoni.

"Kumbe," alisema. Akavuta pumzi. "Nafuta malalamiko. Sitaki binti yangu aone aibu siku yake." Akamgeukia ofisa wa forodha. "Nikiirudisha ilikotoka leo, ushuru wangu mtanirudishia?"

"Ushuru ukishalipwa haurudi, mzee."

Kinyozi alifikiri kidogo, kisha akaitia tarumbeta kwapani.

"Basi, shemeji, kamwambie mpwa wako nitapiga."